Taa Tatu, Kutoka Timbwani hadi Changamwe

Niliondoka nyumbani Timbwani kwa sababu ya taa tatu. Ya kwanza nyekundu, ya breki. Ya pili ya manjano, ya zile breki za kompyuta. Ya tatu ina picha ya kigari kilichoacha michirizi miwili nyuma yake kama kimetoka kunywa tembo. Hiyo, alivyonieleza mume wangu kwa simu, ni ya mtambo unaozuia gari lisiteleze. Zote zilikuwa zinawaka, na pedali ya breki ilikuwa imeanza kuzama mguuni kama godoro la sufi. Zilibaki siku chache mama mkwe wangu, Bi Zuhura, asafiri kwenda Haji.

Hayo yalikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Gari lenyewe, kubwa, la kupanda kwa kujivuta, Salim mume wangu alilileta kwa meli kutoka Dubai alikokuwa akifanya kazi. Bi Zuhura alikwisha kuapa kuwa hapandi teksi kwenda uwanja wa ndege. "Mwanangu kaniletea gari, nami nitakwenda kwa gari la mwanangu." Mwenye leseni nyumbani ni mimi peke yangu. Kwa hiyo ule mteremko wa kushukia feri, na mama mtu mzima ndani, na bahari mbele, ulikuwa juu yangu.

Asubuhi, kivukoni, nilishuka kwa gia ndogo, mkono kwenye handbreki, roho mkononi pia. Mpanga magari akanipungia. "Songea, mama, songea, kwani waogopa nini?" Nikamwambia asimame yeye mbele ya gari, ndipo nitasogea. Hakusimama.

Saa nne nilikuwa Kisauni. Fundi Kassim ni binamu yake Salim. Udugu ndio ulionipeleka kwake, si ufundi. Hakufungua boneti. Alifungua dashibodi kwa bisibisi, akaingiza mkono, akaurudisha.

"Haya shemeji, washa."

Nikawasha. Hapakuwa na taa hata moja.

"Zimezimika," akasema, akijifuta mikono.

Sasa, gari lile ukizungusha ufunguo, taa zote hutakiwa ziwake kidogo kisha zizime. Ndivyo zinavyoonyesha kuwa ziko macho. Salim alinifundisha hivyo. Hizi hazikuwaka kabisa. Nikanyoosha mkono.

"Nipe glopu zangu."

"Glopu zipi, shemeji?"

"Hizo tatu ulizotia mfukoni."

Nilikasirika, wallahi, mpaka buibui likanibana. Mtu yu radhi Bi Zuhura, shangazi yake, azame baharini, bora yeye asionekane kuwa hajui! Alizirudisha mahali pake amenuna, kisha akaniambia niende Changamwe, kuna fundi wa bara anayejidai kuzungumza na kompyuta za magari.

Baada ya adhuhuri nikafika Changamwe, mwendo wa harusi njia nzima, madereva wakinipigia honi na kunitaja kwa majina nisiyobatizwa. Fundi huyo, Otieno, alikuwa na sauti ya mnadi.

"Madam, umefika kwa mwenyewe. Hii Mombasa yote, hiyo kazi ni mimi tu."

Nikamwambia wote husema hivyo. Akacheka. Akachukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili ya kisanduku kidogo kilichofichwa chini ya usukani, akawasha gari. Kile kigari cha mlevi kikaanza kukonyeza: kikakonyeza, kikapumzika, kikakonyeza tena. Otieno akahesabu kwa midomo.

"Inaniambia pampu ya breki inalia. Haisemi kwa nini. Hiyo ya kwa nini ni kazi yangu."

Akafungua boneti, akazungusha kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, akainama. Akachovya kidole, akanusa.

"Madam, breki zako zinanukia vizuri."

Nikanusa na mimi. Marashi ya waridi, na kwenye kuta za kikopo rangi ya zafarani. Harufu ile naijua. Gari lilipofika mwaka uliotangulia, Bi Zuhura alikwenda kwa mwalimu wa chuoni akaandikiwa kombe: aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji na marashi, ziwe kinga ya mwanawe na mali yake. Sisi tulidhani amelinyunyizia magurudumu. Kumbe alilitafutia gari mdomo, akalinywesha.

"Hii ni nini?" Otieno akaniuliza.

"Ni dua."

Akaitazama tena. "Dua ni nzuri. Breki ni nzuri. Lakini si kwa kikopo kimoja."

Akanieleza. Breki zikipata moto, maji yaliyomo huchemka, na pedali huzama. Pampu imeanza kula kutu, kompyuta ikaona heri ijitoe na kuwasha taa zake. Kile kielea kinachopima mafuta nacho kimegandishwa na zafarani, ndiyo maana ile nyekundu haizimi. "Ungeshuka nayo hivi kwa feri, imejaa watu," akasema, safari hii bila sauti ya mnada, "ungepita feri uende majini."

Alasiri yote nilikaa kwenye usukani. Otieno alisafisha pampu, akabadilisha mipira, kisha akalala chini ya magurudumu akinipigia kelele: "Kanyaga! Shika! Achia!" Gurudumu moja, jingine, mpaka mafuta mapya yakatoka safi. Gereji ilinukia kama nyumba ya harusi. Mafundi wa jirani walikuja kuuliza nani anaoa. Nilipowasha, taa zote tatu zikawaka, zikazima, zikatulia.

Jioni Timbwani, Bi Zuhura alikuwa mlangoni.

"Ndoo hapa, mwanangu. Lilikuwa na nini?"

Jibu nililitafuta tangu Changamwe. Mtu huenda Haji na moyo mweupe. Ningemwambia kuwa kinga yake almanusura ituue, angekwenda kutufu, kuizunguka Nyumba ya Mungu, huku anajilaumu.

"Kutu, mama."

"Aa. Ni hewa ya bahari."

"Naam, mama. Hewa ya bahari."

Asubuhi ya safari nilimkuta amesimama mbele ya boneti, mkononi chupa ya maji ya manjano, na ndugu wote wanatazama.

"Nifungulie hapa. Lile kombe la mwanzo limetuweka salama mpaka leo, nimeliandikishia jingine."

Nikaipokea chupa kwa mikono miwili. "Gari limeshiba, mama. Leo mwenye haja ya kinga ni dereva." Nikasema bismillahi, nikalinywa kombe lote. Bi Zuhura akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama tangu niolewe.

Kwenye mteremko wa feri nilikanyaga breki na gari likasimama. Hakuna aliyeona ajabu yoyote. Mimi nilitaka kulia.

Safari zile zilinifundisha kuwa kifuniko cha mafuta ya breki hufunguka kwa mkono mtupu, na kwa hiyo kila ampendaye mwanawe aweza kukifungua. Hilo nilikuwa bado naliwaza pale uwanja wa ndege, Bi Zuhura aliponishika mkono aniage kwa kuombana radhi, kama kila aendaye Haji, huku kaka yake anayesafiri naye akimhimiza wasichelewe.

"Niwie radhi, mwanangu. Nilokukosea nikijua, na nilokukosea nisijue."

"Nimekuwia radhi, mama. Yote mawili."

Akakaza macho. "Hilo la pili ni lipi?"

"Hata mimi silijui, mama," nikamwambia. "Nenda salama."