Pamba Iliyofika Kiunoni

Watu wa Shinyanga hawakutaka picha ya nusu. Nililijua hilo mapema, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilipofungua chumba changu cha picha karibu na stesheni ya reli. Mama mmoja muuza vitumbua alinirudishia picha nzuri kabisa ya uso na mabega. "Umenikata miguu," akasema. "Nikiipeleka kwetu watalia, watadhani garimoshi limenipitia." Nilimweleza wee mpaka nikachoka. Tangu siku hiyo nilipiga watu kuanzia kofia mpaka viatu, na asiyekuwa na viatu nilimwazima vyangu.

Ila moyo wangu haukuwa kwa watu. Mtu ukimwelekezea kamera anakakamaa kama amesimamishwa barazani kwa kosa. Nilipenda mawe makubwa ya nje ya mji yaliyobebana, mbuga ikiwa imejaa maji, ng'ombe wakirudi na vumbi lao, na barabara ya madukani asubuhi kabla milango haijafunguliwa. Picha hizo nilizitundika ukutani, na wateja wakanicheka waziwazi. "Fundi, na jiwe nalo lilikuja kupigwa picha?" Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilikuwa nawajibu kwamba jiwe angalau halipepesi macho.

Mara kwa mara nilipanda lori na vyombo vyangu kwenda Geita. Kule machimboni kulikuwa na vijana kutoka kila pembe ya Tanganyika, Waislamu na Wakristo, na wote walitaka jambo moja: watu wa nyumbani wawaone kwamba ni wazima. Walivaa makoti ya kuazimana, wakasimama mbele ya pazia langu lililochorwa ngazi na maua, nami nikawapiga mmoja baada ya mwingine.

Safari moja alikuja kijana anayetembea kwa gongo. Jiwe lilikuwa limemwangukia chini ya ardhi, na hospitalini wakamkata mguu wa kulia chini ya goti. Alikuwa Msukuma wa kijiji kisicho mbali na mji wetu wa Shinyanga, mtoto pekee wa mama mjane.

"Mayu hajui," akaniambia. Ndivyo alivyomwita mama yake, kwa Kisukuma. "Anaendelea kuuliza kwa kila anayetoka huku. Nataka aone picha atulie. Akijua, hatakula."

"Basi nikupige nusu," nikasema.

Akanitazama kama nimemtukana. "Picha ya nusu si ndiyo itamwambia?"

Nilikubaliana naye, hata mimi sikuwa na njia nyingine ya kulitazama jambo hilo. Nikatoka nje kutafuta mahali. Nyuma ya nyumba za wachimbaji kulikuwa na shamba la pamba iliyofika kiunoni, imeanza kutoa maua, na kwa mbali kilima kimetulia vizuri kwenye mwanga wa saa nne. Mwenye shamba alitukubalia kwa kunung'unika kwamba tutamwangushia maua. Tulimpitisha kijana mpaka katikati, nikamsimikia mti nyuma yake wa kushikilia, gongo tukalilaza chini. Akasimama kwa mguu mmoja, koti limefungwa vifungo vyote. Jasho lilimtoka, lakini alitabasamu.

Niliposafisha picha ile, nilifurahi kupita kiasi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimepiga mtu na nchi yake pamoja, na hakuna kilichoharibu kingine. Niligonga muhuri wa duka langu nyuma, na mwenzake aliyekuwa akienda likizo akaipeleka kijijini.

Haukupita muda mrefu, mama mmoja mwembamba, kitambaa kimefungwa kichwani, akaingia dukani kwangu Shinyanga. Alikuwa na mtu wa kumsomea muhuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaiweka picha juu ya meza. "Miguu ya mwanangu iko wapi?"

"Imezibwa na pamba tu, mama. Ona ilivyostawi."

"Nimeiona. Ina maua." Akaweka kidole kwenye picha. "Huyu nimemlea mwenyewe. Pamba ikiwa na maua haingii mtu akasimama katikati. Alipokuwa mdogo nilimchapa kwa hilo, hakurudia. Pembeni pana njia, naiona hapa. Kwa nini hakusimama njiani?"

Nilimwambia ninaondoka kwenda Geita wiki ile, na akasema atangoja.

Tukapanda lori pamoja. Tulipofika, kijana alikuwa ameketi nje ya chumba chake akishona kiatu cha mtu. Alitaka kuinuka, gongo likamponyoka, akabaki ameshikilia ukuta. Mama yake hakulia kwa sauti. Alichuchumaa mbele yake, akaushika mguu mzima kuanzia goti mpaka kwenye vidole, akauminya polepole kama anayeukagua. Kisha akaushika ule uliokatwa.

"Mayu, nisamehe," kijana akasema.

"Wabeja," akamjibu. Ahsante. Nilidhani nimesikia vibaya. Akageuka kwangu, na macho yake yalikuwa mekundu. "Tangu nilipoiona picha yako nimekuwa nikililia miguu yote miwili. Nimekuta mmoja upo."

Mimi nililia, sioni haya kusema. Nilijisingizia kufunga kamera kwenye miguu yake mitatu.

Nilianza kutundika pazia, mama akakataa. Akamwokotea mwanawe gongo, akamwongoza mpaka kwenye uwanja mtupu ambapo hapakuwa hata na jani, wakasimama bega kwa bega.

"Sasa tupige," akasema, "mpaka chini."