Nyumba Isiyotaka Mtoto

Mama Chiriku alikuwa fundi cherehani, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Alishona sare za shule, akageuza kola zilizochakaa, akabana suruali za wanaume waliokonda na kuachia za walionenepa. Mumewe alikuwa fundi wa friji. Binti yao walimwita Chiriku kwa sababu akiamka anaongea, akilala anaongea. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Na mwingine alikuwa tumboni, anapiga mateke kama mtu anayedai afunguliwe mlango.

Chumba chao kilikuwa kimoja. Kitanda huku, cherehani kule, pazia katikati, na mtu akitaka kugeuka lazima aombe njia. Kuhama hakukuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa wapi pa kuhamia.

Mama Chiriku mwenyewe alikulia katika kuhamahama. Baba yake aliendesha malori ya kampuni ya ujenzi, leo hapa kesho kule, na mtoto yule hakupata kukaa mtaa mmoja mpaka akajulikana kwao ni wapi. Akianguka barabarani watu wanaulizana, "Huyu wa nani huyu?" Hilo lilimkaa rohoni. Akaapa kwamba wanawe watakuwa na mtaa wao, mtaa ambao kila bibi mwenye kiti mlangoni anaweza kuwatuma, kuwagombeza na kuwafuta kamasi.

Kwa hiyo alipotafuta nyumba, hakuanza na nyumba. Alikwenda mitaani saa za watoto kutoka shule, akasimama pembeni akatazama. Wanapita wapi? Nani anawaita? Wakishikana mashati, nani anawaachanisha? Ndivyo alivyoupata mtaa wa nyuma ya soko. Vyumba viwili vya bati, ua wa pamoja, bomba katikati ya ua, na kibaraza cha kuweka cherehani. Akamwona mama mmoja anamgombeza mtoto aliyerusha jiwe, na mtoto wala si wake, na mtoto ameinamisha kichwa. Mama Chiriku akasema moyoni, hapahapa.

Mumewe akakunja uso. "Pale? Na ule mtaro unavyonuka?"

"Mtaro unazibuliwa, Baba Chiriku."

"Na choo cha watu wote?"

"Kwani wewe unakwenda kuishi chooni?"

Kilichomharibu bwana yule ni kazi. Kutwa yuko kwenye majumba ya watu, anakanyaga vigae, anaegemea makabati, akirudi kwake chumba kinamchoma. Kutamani si dhambi. Lakini mtu akitamani mpaka akili ikamruka, huo sasa ni ugonjwa, na aambiwe.

Basi akapata nyumba ya ghorofa kwa mteja wake mmoja. Mtaa umenyooka, geti kubwa, mlinzi, maua yamekatwa kama nywele za bwana harusi. "Jumamosi twende ukaone," akamwambia mkewe. "Na uvae lile gauni lako pana. Linakupendeza." Mama Chiriku, masikini, akafurahi. Siku nyingi hakuwa ameambiwa kitu kinampendeza. Ijumaa jioni akawasikia baba na mtoto wananong'ona nje na kucheka, akadhani wanacheza.

Jumamosi wakaenda. Nyumba kweli ilikuwa nyumba, asisingiziwe mtu. Vigae vinang'aa unaona kidevu chako, jiko lina sinki lake, dirisha linafunguka bila kupigwa teke. Mama Chiriku akasimama dirishani, akatazama uwanja wa chini. Hakuna mpira. Hakuna kamba ya kuruka. Hakuna hata kandambili moja iliyoachwa na mwenzake. Kimya kama ofisi siku ya sikukuu.

"Watoto wa hapa wako wapi?" akauliza.

Mwenye nyumba, funguo zinaning'inia kiunoni, akacheka. "Hapa tumestaarabika, mama. Sipangishi wenye watoto. Watoto wanachora kuta, wanapiga makelele. Ndiyo maana nimewapenda nyinyi. Wawili tu, mmetulia."

Mama Chiriku akamgeukia mumewe. Mumewe akawa anatazama friji.

Hapo Chiriku, ambaye kiu ilikuwa imemshika, akamvuta baba yake shati. "Shemeji, naomba maji."

"Umemwita nani?" mama yake akauliza, taratibu.

"Shemeji." Mtoto akajibu kwa raha, kama aliyepata swali la mwalimu. "Baba kasema leo yeye ni shemeji na wewe ni dada. Nikipatia, ananunua baiskeli."

Mwenye nyumba akakunja paji la uso. "Bwana fundi, si uliniambia huyu ni mdogo wake mkeo, mgeni tu?"

"Mgeni!" Mama Chiriku akalibana gauni lile pana kwa mikono miwili mpaka tumbo likajionyesha lenyewe. "Huyu nimemzaa mimi, kwa uchungu wangu. Na humu yuko mgeni mwingine. Huyu naye ungempa jina gani, Baba Chiriku? Mjomba?"

"Mama, sauti tafadhali, wapangaji..."

"Wapangaji wako nao walizaliwa, hawakuchimbuliwa! Na wewe, baba mzima, mama yako angekuja hapa na wewe mgongoni, ungemfungia geti?"

Akamshika mtoto mkono, akashuka ngazi. Getini mlinzi alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Mumewe akawafuata anahema. "Ilikuwa mpaka tuingie tu, mke wangu. Akishatuzoea..."

"Akishatuzoea nini? Mtoto acheke kwa kunong'ona? Mwenzake akizaliwa tumtie kabatini? Umemfundisha mwanao akukane, kwa ajili ya vigae!"

"Ulikuwa mchezo."

"Mchezo! Na gauni langu nalo lilikuwa mchezo?"

Bwana akabaki kuwafuata kwa nyuma. Mama Chiriku hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyuma ya soko. Mwenye vyumba vile alikuwa mjane muuza mkaa, mikono myeusi mpaka viwikoni.

"Mko wangapi?" mjane akauliza.

"Watatu, wa nne njiani. Cherehani yangu ina kelele, na huyu binti hanyamazi. Nakwambia mapema."

"Na mume?"

"Yule pale ng'ambo ya mtaro. Muulize mwenyewe kama yumo au hayumo. Mimi nimechoka kumsemea."

Mjane akapaza sauti. "Wewe bwana! Hawa unahamia nao, au umewasindikiza?"

Wanawake wa bombani wakaacha ndoo zao. Mwanaume akautazama mtaro, akatazama viatu vyake, akamtazama Chiriku, ambaye tayari alikuwa ameshika upande wa kamba ya watoto asiowajua. Akaruka. Mguu mmoja ukaingia topeni.

"Nahamia nao," akasema. "Ni wanangu. Huyo, na anayekuja."

Mama Chiriku hakutabasamu. Siku ya kuhama alimkataza kukodi mkokoteni, na fundi wa friji akakibeba kichwa cha cherehani begani, jasho linamtiririka, akapita mbele ya viti vyote vya milangoni. Kijana mmoja akainuka amsaidie.

"Mwache," Mama Chiriku akasema. "Anajifunza njia ya kwake."

"Na meza yake je?" mume akauliza kwa unyonge.

"Utairudia."