Wali wa Mtu Mmoja

Fina, jirani yangu wa mlango wa pili, alinifikia na habari kabla sijamaliza kumvisha mwanangu Blai soksi.

"Yule bibi wa kofia ya majani ni mkaguzi," alisema, akajivutia kiti. "Katumwa kutoka Madrid. Anaingia mkahawani, ananong'ona na mhudumu, anatoka hajala kitu. Mikahawa yote ya ufukweni kaizunguka hivyohivyo. Ximo kasugua jiko lake mpaka linameremeta."

"Afadhali, jiko lenyewe lilikuwa linaomba."

"Wewe cheka tu, Neus. Wenzako hawalali."

Yule bibi mimi nami nilikuwa nimemwona. Alipita mtaani kwetu Cabanyal, hapa Valencia, na viatu vipya, akitembea polepole kama mtu anayevifundisha njia. Alipofika kwa Ximo mlango ulifunguka, ikatoka harufu ya zafarani na kuni za mchungwa, naye akasimama palepale akafumba macho. Nikajiambia, mkaguzi gani anafumba macho?

Jioni hiyo tulikuwa tumetoa viti nje, maana ndani kulikuwa hakukaliki kwa joto. Akapita tena, safari hii anachechemea. Nikamsogezea kiti cha mume wangu, ambaye alikuwa zamu bandarini.

"Karibu ukae, bibi. Hivyo viatu vinakuadhibu."

"Vimepanda mnara wa kanisa kuu na kushuka," alisema akikaa. "Vina haki ya kununa."

Akatuambia anaitwa Saturia, katokea Soria, kule juu kwenye baridi. Alikuja peke yake kuutembelea mji. Alikuwa ameshaona soko kuu, akasema samaki wa pale wanakutazama kama wanakudai. Alikuwa ameshapotea kwenye bustani ndefu iliyopandwa mahali pa mto uliohamishwa, akatembea chini ya madaraja akiwauliza njia wakimbiaji wasiosimama. Aliyasimulia yote akicheka, huku kavua kiatu kimoja na kukiweka mapajani.

Fina uvumilivu ukamwishia. "Na mikahawa yetu umeionaje? Misafi?"

"Ningejuaje, mwenzangu? Hakuna hata mmoja ulionipa chakula. Nikikaa tu, naulizwa tuko wangapi. Nikisema niko mwenyewe, naambiwa wali ni kuanzia watu wawili. Naambiwa labda samaki. Samaki sikumfuata mimi."

Tulitazamana na Fina. Ni kweli, imeandikwa chini ya kila menyu mjini, na sisi tuliozaliwa Valencia hatuisomi kamwe. Nani kwetu anakula paella peke yake? Wali ule ni wa kuzungukwa. Kikaango kinatua katikati ya meza, kila mtu na kijiko chake anachimba upande wake.

"Kumbe ndiyo ukaguzi wenyewe," Fina alisema, na aibu kidogo. "Basi limekwisha hilo. Kesho Jumapili, shemeji yangu anapika uani. Njoo, tuko wengi, hata hutaonekana."

Saturia alimshika mkono. "Asante sana. Lakini nikija kwako nitaona vyombo vichafu, na nikiviona nitavaa aproni. Najijua."

Ndipo akatueleza. Kazi yake ilikuwa kupika kwenye shule ya bweni ya watawa, tangu akiwa msichana hadi mvi zilipomwota. Dengu, viazi, supu ya kitunguu saumu, masufuria ya kumzamisha Blai mzima. Yeye mwenyewe alikula wa mwisho, amesimama, sahani kaiweka juu ya jiko. Nyumbani nako ni hayohayo. Marehemu mume wake alikuwa mtu mwema, ila kila mkewe alipokaa yeye alikumbuka kuomba chumvi. Alipostaafu, binti zake walimuuliza anataka zawadi gani. Akasema anataka kwenda Valencia, akae kwenye meza yenye kitambaa, aletewe wali.

"Niletewe," alirudia. "Sijawahi kuletewa. Na kesho jioni nina treni."

Nikamwambia, "Kesho mchana nitakupeleka kwa Ximo. Kasoma na kaka yangu, atanisikia."

Kesho yake, saa nane, tukaingia. Saturia alikuwa amevaa hereni. Ximo alitukuta mlangoni, taulo begani, jasho usoni.

"Neus, malkia wangu, niombe kitu kingine chochote."

"Ni sahani moja tu, Ximo."

"Sahani? Wali hauna sahani, una kikaango. Mchele wa mtu mmoja utakauka kabla ya kuiva, na ukoko hautashika. Unataka bibi wa watu akasimulie Soria kwamba kwa Ximo hakuna ukoko?"

"Nitalipa wa watu wawili," Saturia alisema.

"Siyo pesa, mama. Nusu ikibaki niipeleke wapi, niitupe? Baba yangu atatoka kaburini na mwiko mkononi." Akajifuta jasho, akalainika. "Niletee mdomo wa pili tu. Wowote ule, ilimradi unatafuna."

Saturia akanigeukia. Mimi nikaangalia chini. Mkaribishwa hakuwa mimi. Blauzi yangu ilikuwa na doa la maziwa, na Blai nilikuwa nimeshamhamisha toka nyonga hii kwenda ile sijui mara ngapi. Tangu azaliwe, mimi chakula changu nakila nikitembea, kipande cha mkate mkononi. Nilidhani hakuna aliyeyaona hayo.

Yeye alikuwa akiniangalia toka jana, kumbe. Alivuta kiti cha dirishani, akakaa, akakilainisha kitambaa cha meza kwa viganja viwili. Kisha akanionyesha kiti cha mbele yake.

"Binti yangu, nina ombi moja," alisema. "Uwe mdomo wangu wa pili. Lakini tukikaa, tumekaa. Kijiko kikianguka kilale hukohuko chini, si mimi wala wewe wa kuinama. Na huyo mtoto mpe Ximo ambebe."