Hatua Nane Nisizozigonga

Siku niliyoanza kazi ya kutengeneza njia za miguu katika hifadhi ya bahari, niliripoti kituoni Utende nikiwa na panga nililoazima kwa shemeji yangu. Msimamizi wa njia, Mzee Haji, aliitikia shikamoo yangu, akalitazama panga, akaniambia niliweke chini. Akanipa mtaimbo.

"Kufyeka ni kazi ya siku moja," alisema. "Kazi yetu sisi ni maji na mwamba."

Wengi hudhani hifadhi ile ni samaki tu. Lakini upande wa bahari kuu kuna msitu ulioota juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, wenye ncha za kupasua kiatu. Mzee Haji alitupeleka huko mvua ikinyesha, tuone maji yanapita wapi, ndipo tupige vigingi vya kuonyesha njia ipite wapi. Penye mteremko tulilaza mawe kwa mshazari, tukiyaita kinga, ili maji yatokee pembeni yasiile njia. Na kila hatua tuligonga mwamba kwa mtaimbo. Ukitoa mlio mzito, ni mzima. Ukilia kama mtungi mtupu, chini pana uwazi, na njia lazima ihamishwe.

Alipostaafu, nilishika nafasi yake. Mkuu wa kituo wakati huo alikuwa mama mmoja kutoka bara, asiye na maneno mengi. Tulikuwa tunamalizia njia ya kwenda kwenye genge la mashariki, pale mwamba unapokatikia baharini, mwezi wa Ramadhani, jua kali. Niligonga mpaka zikabaki hatua kama nane. Kiu ikanizidi, nikarudi. Alasiri Mkuu aliniuliza kama njia iko tayari. Nikasema iko tayari.

Kesho yake mwenzetu Mwanaidi alikuwa akifagia majani pale mwishoni, mwamba ukakatika, akatumbukia katika uwazi uliokuwa chini yake. Tulimtoa nyonga imevunjika, tukamfikisha hospitali Kilindoni.

Mkuu aliniita ofisini, akauliza kama niligonga mpaka mwisho. Nikamwambia hapana.

"Ripoti nitaandika mimi," alisema. "Ila Mwanaidi utamwambia wewe."

Ilinichukua siku tatu kupata moyo wa kwenda. Nilimkuta amelala chali, mama yake akimpepea. Nikamweleza yote, mama yake akisikia. Mwanaidi aligeuza uso, akatazama ukuta.

"Kila anayekuja ananiambia nilikanyaga vibaya," alisema. "Nami nilishaamini."

Kisha akauliza kama njia nimeifunga. Nikamwambia nimeifunga. Akasema basi niondoke.

Njia tuliihamishia ndani ya msitu, nami niligonga kila hatua yake. Mwanaidi alirudi baada ya miezi mingi, akapewa kazi ya mezani, yeye aliyependa msitu kuliko sisi sote.

Sasa nimestaafu. Vijana wa hifadhi huja nyumbani kuniuliza habari za kinga na vigingi, nami huwaeleza kwa furaha. Wakitaka kuaga, huwapeleka kwa Mwanaidi, kwa ruhusa yake mwenyewe, wakamwone anavyoinuka kitini kwa taabu.