Nipeni Kula Zenu

Herufi r sikuzaliwa nayo. Kwetu Nunguni, huko juu kwenye ukungu na baridi, Kikamba chetu hakina habari nayo, na Kiswahili cha kanisani na cha shuleni nilikisema kwa l niliyopewa na mama yangu. Nilisema balabala, nilisema sukali, na hakuna aliyenicheka kwa sababu aliyenisikiliza alisema hivyo hivyo. Taabu ilinipata nikiwa chuo cha ualimu upande wa Kitui, mwaka wa pili, nilipoamua kugombea uenyekiti wa baraza la wanachuo.

Watu walidhani natafuta ukubwa. Nilichotafuta ni ufunguo.

Chuo kilikuwa na tangi moja la maji, limesimama juu ya miguu mirefu ya chuma kando ya mabweni ya wavulana. Bomba lake lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikaa kwa mwenyekiti wa baraza. Tangu chuo kifunguliwe, mwenyekiti alikuwa mvulana. Asubuhi alifungua, wenzake wakaoga, wakafua, wakaosha hata viatu vya mpira. Sisi wasichana tulipofika na mitungi yetu, bomba linakohoa tu. Basi tunashuka mtoni. Mto wenyewe ni mchanga mtupu. Unachimba shimo, unangoja maji yajikusanye, unachota kwa kata, polepole usiyachafue. Kushuka ni nusu saa. Kupanda ukiwa na mtungi mgongoni, na mukwa, ule ukanda wa kubebea, umekukaza paji la uso, ni zaidi ya hapo. Tukifika juu, uji umekwisha. Mpishi anatuonyesha sufuria iliyokwanguliwa na kutuambia poleni dada zangu. Mwaka mzima wa kwanza niliingia darasani na njaa, na mimi nikiwa na njaa sina adabu.

Kwa hiyo nilijaza fomu. Msichana wa kwanza kuijaza. Prinsipali aliisoma mara mbili, akaniangalia juu ya miwani, akaniuliza kama wazazi wangu wanajua. Nikamwambia wanajua, na hapo nilidanganya.

Wakala wangu alikuwa mwenzangu wa chumba, binti wa mchungaji kutoka kule chini ya Mlima Kenya, mpole kiasi kwamba aliomba msamaha hata akikanyaga kivuli chako. Yeye shida yake ilikuwa yangu iliyogeuzwa. Huyo r alikuwa nazo za kumwaga. Hata pale zisipotakiwa, aliziweka. Alisema chakura. Alisema twende tukarare. Jioni baada ya masomo tulikaa kitandani tukipeana somo.

"Sema kura," aliniambia.

"Kula."

"Urimi utetemeke kidogo. Ku-ra."

"Ku-la. Haya, na wewe sema chakula."

"Chakura."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baada ya wiki mbili yeye alikuwa hajapata l na mimi sijapata r, lakini hotuba ilikuwa tayari. Niliiandika kwa ujanja. Mahali pa barabara niliweka njia. Mahali pa furaha niliweka raha, nikaona bado kuna r, nikafuta, nikaandika kicheko. Neno moja tu lilinishinda kulikwepa, kwa sababu huwezi kwenda kwenye uchaguzi bila kuliomba.

Mpinzani wangu alitoka Kibwezi, mtoto wa mwenye duka kando ya barabara ya Mombasa. Wazazi wake walikuwa wamehamia hapo kutoka pwani, na Kiswahili chake kiliteleza vizuri, kila herufi mahali pake. Shati jeupe limepigwa pasi, kitana kimechomekwa kwenye soksi. Wasichana walipenda kumsikiliza. Hata mimi, kusema kweli, nilipenda kumsikiliza, na hilo lilizidi kunikasirisha.

Ijumaa tulihutubu kwenye ukumbi wa kulia, walimu wamekaa mbele. Yeye alitangulia, akaongea kama redio, akapigiwa makofi. Nikapanda mimi. Nikasema habari ya tangi. Nikaahidi kwamba nikishinda, tangu siku ya kwanza hakuna msichana atakayeshuka tena mtoni. Wasichana walipiga meza kwa vijiko. Nilipanda moto, nikasahau ulimi wangu, nikamalizia kwa sauti kubwa: "Wenzangu, kesho nipeni kula zenu."

Ukumbi uliangua kicheko. Mpinzani wangu akasimama, mkono kifuani, uso wa huruma. "Jamani, mwenzetu ana njaa," akasema. "Mpishi, hebu mtafutie dada huyu chakula. Kura tutazungumza akishiba."

Kicheko kikazidi. Wakala wangu alijifunika uso kwa leso. Masikio yaliniwaka, na niliona mlango wa kutokea uko karibu sana na mimi. Kama si hasira ningeutumia. Lakini hasira ilinipanda kutoka tumboni, na tumboni hapo hapo ndipo ilipokuwa njaa, nikashtuka kuona huyu bwana amesema kweli.

"Ndiyo, nina njaa," nikamwambia. "Leo asubuhi nilikuwa mtoni. Nimefika juu uji umekwisha. Wewe umeoga, umekunywa uji, umechana nywele. Kula yangu umeila wewe. Basi nasema tena, na mtu asiniambie nimekosea. Nipeni kula."

Halafu nyuma kabisa akasimama mwanafunzi mmoja mtu mzima, mwenye ndevu, mwenyeji wa Migwani, aliyefundisha miaka mingi bila cheti kabla ya kuja chuoni. Alikuwa wa bweni la juu, lililokuwa mbali na tangi, na waliokaa humo walipata maji ya mwisho. Hakuwa mtu wa maneno.

"Mimi pia husema kula," akasema. "Mama yangu husema kula. Watoto wa Migwani nimewafundisha nikisema kula, na wamefaulu. Sasa anayecheka acheke nimwone."

Hakuna aliyecheka. Niliangalia ukumbi ule nikawaona wavulana wa Kikamba, meza kwa meza, wanatazama sahani zao. Nusu yao walikuwa na ulimi kama wangu. Walikuwa wamecheka pamoja na wengine, kisha wakagundua wamejicheka. Yule wa Kibwezi naye aligundua, maana aliketi.

Jumamosi tulipiga kura kwa mlolongo kwenye uwanja wa mpira, kando ya tangi. Miaka hiyo ndivyo serikali ilivyotaka, na prinsipali alipenda kufanya kama serikali: hakuna karatasi, hakuna sanduku, unasimama nyuma ya mtu wako mchana kweupe kila mtu akikuona. Ilirushwa shilingi kuchagua upande. Mpinzani wangu akashinda, akachagua kivuli cha tangi. Mimi nikapewa goli la upande wa pili, juani, na jua la Kitui kabla ya mvua halina mchezo.

Filimbi ikapigwa. Wasichana walinijia mbio, mitungi mkononi, wakaigeuza na kuikalia. Lakini tulikuwa wachache kuliko wavulana, hilo nililijua tangu mwanzo. Mlolongo wa kivulini ukajaa, ukapinda nyuma ya tangi. Halafu nikaona ndevu. Yule mwalimu wa Migwani alikuwa anavuka uwanja taratibu, mikono nyuma, na nyuma yake bweni la juu lote, na nyuma ya bweni la juu wavulana wengine mmoja mmoja, wanaangalia chini kama wanaotafuta kitu kilichoanguka. Walivuka kutoka kivulini kuja juani. Nilitaka kupiga kelele, nikauma kidole.

Naibu wa prinsipali alihesabu akigusa kila mtu begani. Alichanganyikiwa, akaanza upya. Jua likatuchoma. Wakaanza kuwapo wa mlolongo wangu walioangalia kivuli kwa jicho la tamaa, na mmoja akachomoa mguu. Wakala wangu, yule mpole, akapita kando ya mstari na leso zake akiwafunika watu vichwa. "Vumirieni kidogo," akawa anasema. "Tutakura. Reo tutakura."

Mstari mzima ulielewa maana zote mbili, ukacheka, ukatulia. Yule wa mguu akaurudisha.

Tuliwazidi kwa watu wanne. Sikumbuki nilivyoinuliwa, nakumbuka niko juu ya mabega, kiatu kimoja hakipo, wasichana wanaimba "kula, kula, kula" na wavulana wa bweni la juu wanaitikia. Sijawahi kufurahi vile, na nimeolewa na nimezaa. Prinsipali akanipa ufunguo palepale, umefungwa kwa kipande cha kamba. Nikauvaa shingoni.

Hatukungoja. Wasichana walipanga mitungi chini ya tangi, nikafungua kufuli, nikazungusha bomba.

Likakohoa. Likatoa tone moja, kisha likanyamaza.

Wavulana walikuwa wameoga wote asubuhi ile kwa ajili ya uchaguzi, na jezi za timu zilikuwa zimeanikwa uani. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Walifanya kama siku zote. Lakini nilikuwa nimeahidi siku ya kwanza, na siku ya kwanza ndiyo hiyo, na nyuma yangu ile mitungi. Machozi yalinitoka, siwezi kusema hayakunitoka.

Kengele ya chakula cha mchana ikalia. Nikajipangusa uso kwa mkono, nikachukua mtungi wangu, nikageukia uwanja. "Tunakwenda mtoni," nikasema. "Sote. Na wavulana."

Wakamwangalia prinsipali awaokoe. Prinsipali alinitazama juu ya miwani, kama siku ile ya fomu. "Mmemsikia mwenyekiti wenu," akasema.

Laiti mngeuona ule mlolongo wa pili. Ulishuka bondeni mrefu kuliko yote miwili ya asubuhi ikiunganishwa. Wavulana walichimba mchanga kwa pupa, wakachafua maji, wakaambiwa wangoje, wakangoja. Wakati wa kupanda nilimfunga mpinzani wangu mukwa mimi mwenyewe, juu ya zile nywele zilizochanwa. Maji yalimwagikia shati lake njia nzima. Katikati ya mlima alisimama kuvuta pumzi.

"Ni kila siku?" akaniuliza.

"Kila siku."

Akakaza mukwa, akaendelea kupanda.

Tulipofika, saa ya chakula ilikuwa imepita zamani. Mpishi alikuwa mlangoni amejaa tabasamu. Alikuwa ameweka pembeni sufuria kubwa ya isyo, mahindi na maharagwe, kuwapongeza wasichana. Ya wengine ilikuwa imeliwa na walimu, wafanyakazi na watoto wao waliobaki chuoni. Hakujua kama wavulana nao watachelewa, alisema, kwa sababu hawajawahi kuchelewa.

Tukaanza kupakua. Wavulana walisimama uani na sahani zao za bati, wamelowa, mapaji ya uso yana alama ya ukanda. Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari wa wasichana. Yule wa Kibwezi akatoka kati yao, akaja mpaka nilipokuwa, sahani mkononi.

"Mwenyekiti," akasema, "na sisi tunaomba kula."

Aliitamka vizuri, kama alivyotamka kila kitu. Uani mzima ulisikia. Nilingoja nione kama kuna atakayecheka, lakini watu walikuwa na njaa.

Nikamwambia asimame nyuma yangu.