Bendera Moja au Mbili

Tulipotoka Unguja baada ya mapinduzi, baba hakupata kazi Maskati, na kilichomliwaza kilikuwa sarafu. Akenda soko la Matrah kwa Banyani muuza shaba kuukuu, akirudi na kifuko cha sarafu za Warumi wa mwisho mwisho, nyeusi, ndogo kama vifungo vya shati. Baada ya sala ya alasiri, yeye nami, binti yake mkubwa, tukikaa ukumbini kuzipanga juu ya mkeka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya macho. Upande mmoja mfalme, upande wa pili askari wawili wamesimama. Ikiwa baina yao pana bendera mbili, sarafu ni ya mwanzo. Ikiwa moja, ni ya baadaye. Basi. Mie sikuzipenda hata kidogo, lakini bendera nikizijua.

Siku moja nikamwona anaweka ya bendera mbili kwenye fungu la moja. Akaweka nyengine. Baba yangu huyu, aliyekuwa akinigombeza kwa kosa dogo kuliko hilo! Nikakumbuka kuwa siku nyingi sasa alikuwa akinitia sarafu mkononi na kusema, "Hebu nambie wewe, nisikie kama umefahamu." Nami nikijiona mwanafunzi hodari. Kumbe!

Hofu iliyonishika, wallahi, sijui niiseme vipi. Sokoni tukiwaona kila siku watu wanaongozwa kwa mkono kwa maradhi ya macho. Na yeye mtu wa kusoma, nyumba kaiacha, kazi kaiacha, bila ya macho angebaki na nini? Kumuuliza sikuthubutu, baba ukimuuliza afya yake hupandisha hasira. Nikachagua sarafu iliyolika yote, sura hakuna, herufi hakuna, nikampa. Nikamwomba Mungu amjaalie baba aseme, "Takataka hii, itupe."

Akaisogeza karibu na pua, akaigeuzageuza.

"Aa, hii safi," akasema. "Jina la mfalme lote lasomeka."

"Lasomekaje, baba?"

Sikukusudia ukali, lakini sauti ilinitoka hivyo. Jikoni mama akaacha kutwanga. Baba akapitisha kidole gumba juu ya sarafu, upande huu, kisha ule, polepole.

"Haina kitu, ee mwanangu?"

"Haina, baba."

Akavuta pumzi. "Usimwambie mama yako."

Na mama kasimama mbele yake, mchi mkononi.