Ukimkaribia Mtu, Inua Kamera

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo hucheka kwanza, ndipo machozi hufuata. Ni siku ambayo marehemu mume wangu, Yohana, alimpiga picha mama yangu mzazi akamkata kichwa.

Usishtuke. Kukaa na wazee ni kusubiri, nami nitakupeleka polepole mpaka ufike.

Wakati huo alitawala Mwingereza, na Dodoma ilikuwa stesheni, boma, maduka ya Wahindi na vumbi. Yohana alifanya kazi katika duka la picha la Bwana Lalji, na huyo bwana alipopata kamera mpya alimwachia Yohana ile ya zamani. Ilikuwa ya macho mawili, moja juu ya jingine. Huiweki usoni kama hizi zenu. Unaining'iniza shingoni, inakaa tumboni, unafungua kifuniko cha juu, unainama kutazama kioo. Humo unawaona watu wadogo wadogo, wa kulia yuko kushoto na wa kushoto yuko kulia. Jicho la juu ni la kukuonyesha wewe. Jicho la chini ndilo linalopiga picha. Shika hilo, maana kisa chote kiko hapo.

Nasikia siku hizi vijana mmeanza kuzitafuta tena kamera hizi. Vizuri, ila zitunzeni. Mtunzaji wa ile yetu nilikuwa mimi. Vumbi la Dodoma lina mchanga ndani yake. Ukiifuta lenzi kwa pindo la khanga, umeipiga msasa. Mimi nilitumia brashi laini ya kunyolea ndevu, ambayo Yohana aliitafuta asubuhi nyingi kabla hajakubali kujinunulia nyingine. Pangusa vumbi kwanza, ndipo upitishe kitambaa cha pamba kilichochoka kwa kufuliwa. Ikikwama, usiitie mafuta. Fundi cherehani jirani yetu alitaka kuitia yale ya cherehani yake, nikamzuia mlangoni, kwa sababu mafuta hualika vumbi. Usiisahau juani, wala usiifungie sandukuni msimu mzima wa mvua ikaota ukungu. Watu walizisifu picha za Yohana, nami nilinyamaza tu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Turudi kwa mama. Aliishi Nzuguni, ambayo wakati ule ilikuwa mashamba ya uwele na mazizi ya ng'ombe. Kaka yangu Mika alikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na miaka ikapita hajarudi. Mwishowe alimtuma mtu amletee mama kitambaa cha kichwa, cha samawati, pamoja na neno kwamba anaona haya kurudi mikono mitupu, na hajui kama mama bado anamtaka. Mama alikivaa kitambaa kile kanisani, shambani, hata zizini. Akaniambia anataka picha, Mika amwone amekivaa, aujue moyo wake. Kifua kilikuwa kinamsumbua, na kutembea hadi mjini hakuweza tena. Hofu yake na yangu ilikuwa moja tu, kwamba atakufa hajamwona mwanawe.

Mwenye kamera alikuwa Yohana, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu, mtu hamtazami mama mkwe wake usoni. Wakikutana njiani, Yohana aliiacha njia akaingia kwenye miiba. Mama akiwa na neno naye alinipa mimi, hata kama Yohana yuko hatua chache tu: nimwambie baba, ndivyo alivyomwita Yohana, kwamba maji yamo mtungini. Nami namwambia, ilhali amekwisha kusikia na mkono uko kwenye kata. Sasa mtu kama huyo umpige picha vipi?

Mara ya kwanza Yohana alisimama kule zizini. Picha ilipotoka, mama alikuwa kama punje ya mtama mbele ya nyumba yake ya tembe, na aliyeonekana vizuri ni ng'ombe. Nilicheka mpaka Yohana akanuna, akala ugali wake peke yake.

Aliyeamua ni mjomba wangu, kaka yake mama. Alikuja, akaishika ile kamera, akainama na kutazama humo ndani kwa muda mrefu. Akatuambia kuwa kamera hii ina adabu. "Anayeitumia anainama," alisema. "Macho yake yako tumboni mwake, hayako kwa mkwe. Asogee." Mama akakubali, na Yohana akasogea karibu naye kuliko alivyowahi kusogea tangu anioe.

Kwenye kioo alimwona mama mzima, kitambaa na vyote, kikigusa ukingo wa juu. Akafyatua. Filamu iliposafishwa, alirudi nyumbani amesawijika uso. Macho ya mama yalikuwapo, pua ilikuwapo, shingo na shanga zake pia. Kitambaa hakikuwapo. Kilikuwa kimekatwa pamoja na nusu ya paji la uso.

Kumkata mama mkwe kichwa, mwanangu. Yohana alisema hatakanyaga tena Nzuguni mpaka apeleke mbuzi wa kuomba radhi. Bwana Lalji alipoiona ile picha alimweleza kwa upole. Macho mawili ya kamera hayakai mahali pamoja. Kitu kikiwa mbali, yote yanakiona sawasawa. Kikiwa karibu, jicho la juu linaona kichwa, na la chini linaanzia kwenye nyusi. Kwa hiyo picha ya karibu ukishaipanga, iinue kamera kidogo, kadiri ya nafasi iliyo kati ya jicho na jicho, ndipo ufyatue. Yohana alikuwa amezoea kwaya na makundi ya harusi, watu wa kusimama mbali, na jambo hilo halijawahi kumkuta. Kuuliza si ujinga, lakini haya nayo huziba mdomo.

Nikampelekea mama ile picha mwenyewe, nikamweleza habari ya mbuzi na maneno ya Bwana Lalji. Yohana alibaki nje, nyuma ya ukuta, amegeukia upande wa pili. Nilidhani mama atakasirika. Alicheka polepole mpaka kikohozi kikamkatiza, halafu akasema kwa sauti ya kutosha kufika nje:

"Mwambie baba, alipokuwa mbali aliniona mzima. Alipokaribia ndipo akanikata. Asihuzunike, ndivyo tunavyofanyiana sote tukishakaribiana. Atakukata wewe, nawe utamkata yeye. Mwambie mbuzi amwache, arudi na kamera. Ila safari hii ainue."

Nilikuwa mke mchanga, na neno lile lilinipita juu. Nilichosikia mimi ni kwamba mbuzi amepona.

Jumapili, baada ya ibada, Yohana akarudi. Mama aliketi kwenye kigoda, kitambaa amekifunga vizuri. Yohana akasogea, akainama, akazungusha kirungu cha pembeni mwa kamera taratibu mpaka sura ikawa wazi kwenye kioo. Ndipo mama akasema naye bila kupitia kwangu, kwa mara ya kwanza tangu tuoane.

"Umeinua, baba?"

Yohana hakuondoa macho kwenye kioo. "Nimeinua, mama."

Akafyatua. Mimi nililia, wala sioni haya kusema.

Picha ilikwenda Tanga kwa mkono wa kijana wa kwetu aliyekuwa akirudi kazini. Mvua za kwanza zilipoanza, Mika akaja, amekonda, mikono mitupu kweli. Mama hakumwuliza ameleta nini. Alimwekea ugali na mlenda, akaketi kumtazama akila. Walikaa pamoja mvua zile na kiangazi chake, kisha mama akatutoka, mkono wake umo mkononi mwa mwanawe. Hofu ile haikutimia, namshukuru Mungu.

Nasaha yangu kwako ni hii. Mtu wa mbali hatusumbuki kumheshimu. Mgeni tunamtandikia mkeka, na jirani wa mtaa wa pili tunamwamkia vizuri. Mume, mke, mama, ndugu wa tumbo moja, hao ndio tunaowakata vichwa. Tunawajibu kwa mkato, tunawamalizia maneno, tunadhani tumewaona wazima kwa kuwa tumewazoea. Mazoea yana taabu. Ukimkaribia mtu, ongeza heshima kidogo kuliko unavyodhani inatosha, na subira vilevile, ndipo ufungue mdomo. Heshima si utumwa.

Mimi na Yohana tulikatana mara nyingi, nisikudanganye. Nikianza kumkaripia mbele ya watoto, aliweka mikono tumboni kama ameshika kamera, akaiinua kidogo, na hasira yangu ikaishia kwenye kicheko. Hakuna siku nisiyomkumbuka.

Mungu akujalie watu wa kukaa nao karibu, mwanangu. Akujalie macho ya kuwaona, na mkono usiochoka kuwainulia kamera.